Tovuti za maafa: Funzo la Sri Lanka na Marekani

MAAFA yanapoikumba nchi, walionusurika huuliza mambo mawili: ndugu zao wako wapi, na msaada utapatikana wapi. Majibu hayo sasa hutafutwa pia katika intaneti, na hapo ndipo ubora au udhaifu wa programu za serikali hudhihirika.

Matukio mawili, yaliyopishana kwa miezi minane tu, yanalithibitisha hilo.

Desemba 26, 2004, tsunami iliyoanzia karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ilizikumba nchi za Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Sri Lanka pekee ilipoteza watu zaidi ya 30,000.

Wataalamu wa kompyuta wa nchi hiyo walijitolea kuandika programu waliyoiita Sahana, neno la Kisinhala lenye maana ya nafuu. Iliorodhesha watu waliopotea, kambi za waathirika, mashirika ya misaada na mahitaji ya kila eneo.

Sahana ilitolewa kama programu huria. Yeyote aliruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bila malipo, hivyo kosa lililogunduliwa katika nchi moja lingeweza kusahihishwa kwa manufaa ya zote. Ilitumika Pakistan baada ya tetemeko la Oktoba 2005, kisha Ufilipino na Indonesia mwaka 2006.

Hali ilikuwa tofauti nchini Marekani. Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya kusini Agosti 29, 2005, idara ya maafa ya serikali kuu, FEMA, iliwataka waathirika wajiandikishe kwa simu au kupitia tovuti yake.

Hata hivyo, fomu ya tovuti hiyo ilikubali programu moja tu ya kufungulia kurasa, Internet Explorer toleo la 6. Programu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Apple wala za Linux. Aliyepoteza nyumba na kuazima kompyuta ya aina hizo hakuweza kujiandikisha mtandaoni.

Wakati huo miongozo ya kuzuia kasoro za namna hiyo ilikwishakuwapo. Mwaka 1999 jumuiya ya kimataifa inayosimamia viwango vya tovuti, W3C, ilitoa kanuni za kuziwezesha kurasa kutumiwa na watu wote, wakiwamo wenye ulemavu.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, kila picha huwekewa maelezo ya maandishi, ili asiyeona asomewe na kompyuta yake. Fomu hujazika bila kutumia kipanya, na rangi pekee haitoshi kubeba taarifa. Ramani inayoonyesha mafuriko kwa rangi nyekundu haimsaidii asiyeona, iwapo majina ya maeneo hayo hayakuandikwa.

Asiye na kompyuta naye hana budi kufikiriwa. Kenya ilionyesha njia Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, ilipoanzishwa Ushahidi. Programu hiyo, ambayo nayo ni huria, ilipokea taarifa za wananchi kwa intaneti na simu za mkononi na kuziweka katika ramani. Baada ya tetemeko la Januari 12, 2010, ilitumika Haiti, ambako walioomba msaada walituma ujumbe mfupi wa simu.

Fomu, ramani na namba hizo hazina budi kujaribiwa mapema, kwa kompyuta na simu za aina mbalimbali na kwa kuwashirikisha watu wenye ulemavu. Mafuriko yakishaingia ndani ya nyumba, muda huo haupo tena.