Kosa Huonekana Mbali na Chanzo Chake: Kujenga Kompaila Mtambuka ya SuperH

Prosesa za SuperH zilibuniwa na Hitachi katika miaka ya 1990. SH-2 mbili ziliendesha Sega Saturn ya 1994, na SH-4 ikaendesha Dreamcast ya 1998. Siku hizi wanaoziandikia programu ni wachache, na wengi wao hujijengea kompaila ya GCC wenyewe kwenye kompyuta ya x86. Ujenzi ukikwama, lawama ya kwanza huiangukia prosesa: ni ya nadra, kwa hiyo lazima GCC haiijui vizuri. Ninaona lawama hiyo humpotosha mtafutaji. Mara nyingi prosesa haihusiki hata kidogo. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi kwenye mashine mwenyeji, yaani ile kompyuta inayojenga.

Kompaila kamili inahitaji maktaba ya C ya mashine lengwa, na maktaba hiyo haijengeki bila kompaila. Ndiyo maana hutangulia binutils, yenye asembla na linka, ikafuata GCC ya muda isiyotegemea maktaba yoyote ya C, kisha newlib, ambayo ndiyo maktaba hiyo ya C, ndipo GCC kamili.

Sasa tazama lalamiko hili maarufu: skripti ya configure inasimama kwenye libgcc, maktaba saidizi ya GCC yenyewe, ikidai imeshindwa kutambua kiambishi cha mafaili yanayotoka kwenye kompaila. Kiambishi hicho ni .o, na hakuna anayekitilia shaka. Kilichotokea ni kwamba configure iliandika kijiprogramu kitupu cha C, ikaipa kompaila mpya, nayo haikutoa kitu. Kwa nini? Jibu limo kwenye config.log, tena si ile ya juu ya saraka ya ujenzi bali iliyo ndani ya sh-elf/libgcc. Wapo wanaoisoma ile ya juu kutwa nzima, wasione kosa, kwa sababu humo halimo.

Ndani ya hii ya libgcc huenda ukakuta asembla ikikataa mstari kama mov.l r14,@-r15. Huo ni SH halali kabisa. Iliyoukataa ni asembla ya x86, kwa kuwa sh-elf-as, yaani asembla ya SuperH, haikuonekana kwenye PATH na GCC ikaokota as ya mwenyeji. Au utakuta cc1, programu ya GCC inayotafsiri C yenyewe, haikuanza hata kufanya kazi, maana maktaba ya hesabu ya MPC au MPFR haikupatikana. Kwenye skrini ujumbe ni uleule. Dawa ni mbili tofauti, na hakuna inayogusa SuperH. Ushauri wa kubadilisha toleo la GCC, unaotolewa upesi mno, hautibu lolote kati ya hayo. Toleo la zamani, likikutana na kompaila ya kisasa ya C++, linaweza hata kugoma kujengwa.

Sisemi GCC haina kasoro zake kwa SuperH. Ipo moja mashuhuri: kompaila inakata tamaa ikisema haipati rejista ya kuachilia katika kundi la R0. Baadhi ya maagizo ya SH hayakubali rejista nyingine ila R0, hivyo mahitaji mawili yakiigombania kwa wakati mmoja, mgawaji wa rejista hukosa pa kupita. Lakini dalili zake ni nyingine kabisa: cc1 inafanya kazi, newlib imefika katikati, na kosa linataja faili lilelile na mstari uleule kila mara. Ukishusha kiwango cha uboreshaji kwa faili hilo peke yake nalo likapita, umepata ushahidi dhidi ya kompaila yenyewe. Hapo kujaribu toleo jingine, au chaguo la -mlra linalobadilisha mgawaji wa rejista, kunakuwa na maana.