Kocha Aliyedumu: Sifa ya Arsène Wenger katika Mizani ya Washabiki wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Utangulizi

Tarehe 20 Aprili 2018 klabu ya Arsenal ya London ilitangaza kwamba kocha wake Mfaransa, Arsène Wenger, angeondoka mwishoni mwa msimu huo baada ya utumishi wa takribani miaka 22. Tangazo hilo lilihitimisha kazi, lakini halikuhitimisha ubishi. Je, kocha huyo alistahili sifa aliyokuwa nayo? Swali hilo halikuishia London. Lilibishaniwa pia katika vibanda umiza vya Tanzania, yaani mabanda ambamo watu hulipa kiingilio kidogo na kubanana kwenye mabenchi ili kutazama mpira. Ubishi wa namna hiyo ni sehemu ya maisha ya jioni katika miji ya Mkoa wa Ruvuma, kuanzia Mbinga kwenye milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Makala haya yanauchukulia ubishi huo kuwa suala la historia. Hoja yake kuu ni kwamba wabishani wa pande zote mbili huchanganya maswali mawili tofauti. Swali la kwanza ni iwapo kiongozi aliyedumu anastahili heshima kwa yale aliyoyatenda. Swali la pili ni iwapo anastahili kuendelea kukalia nafasi yake. Maswali hayo yakitenganishwa, sehemu kubwa ya mgongano hupungua, na kinachobaki huweza kupimwa kwa ushahidi. Ili kufafanua hoja hiyo, makala yanaanza na washabiki wenyewe kama mashahidi, yanaipitia rekodi ya kocha kwa vipindi, kisha yanageukia vipimo viwili vilivyomo katika historia ya eneo na ya taifa: ngoma ya mganda na dhana ya kung'atuka.

Mashahidi wa vizazi viwili

Mwanahistoria humuuliza shahidi kwanza aliona nini na aliona lini. Televisheni za binafsi zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, miaka miwili tu kabla ya Wenger kuwasili London akitokea klabu ya Nagoya Grampus Eight ya Japani. Kwa aliyeishi mbali na dishi la setilaiti, habari za Ligi Kuu ya Uingereza zilifika kwa redio, au kwa gazeti lililosafiri na basi kutoka Dar es Salaam. Mkoa wa Ruvuma nao uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya Makambako hadi Songea mwaka 2018, mwaka uleule ambao Wenger aliondoka. Kabla ya hapo umeme wa miji yake ulitegemea zaidi mitambo ya dizeli, na mwenye kibanda alilazimika kuwa na jenereta ya akiba ili mchezo usikatike.

Hali hiyo ina athari kwa ushahidi. Mshabiki aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1998 aliufahamu ubingwa wa kwanza wa Wenger akiwa mtu mzima, hata kama aliusikia kuliko alivyouona. Mshabiki aliyezaliwa mwaka huo wa 1998 alikuwa na miaka 6 Arsenal ilipotwaa ubingwa bila kufungwa, miaka 13 ilipofungwa mabao 8 kwa 2 na Manchester United tarehe 28 Agosti 2011, na miaka 19 ilipoondolewa na Bayern Munich katika Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa jumla ya mabao 10 kwa 2 mwaka 2017. Wote wawili ni mashahidi wakweli, ila hawakumshuhudia kocha yuleyule. Mkubwa anamtetea mtu aliyejenga, na mdogo anamlaumu mtu aliyemkuta akishuka. Mara nyingi tofauti yao huelezwa kuwa ni ya mapenzi, wakati kwa kiasi kikubwa ni tofauti ya tarehe.

Rekodi kwa vipindi vitatu

Utumishi wa Wenger unagawanyika katika vipindi vitatu. Cha kwanza, kuanzia mwaka 1996 hadi 2005, ni kipindi cha ushindi. Arsenal ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1998, 2002 na 2004, na Kombe la FA mwaka 1998, 2002, 2003 na 2005. Katika msimu wa 2003/04 ilicheza mechi 38 za ligi, ikashinda 26 na kutoka sare 12, bila kufungwa hata moja. Mfululizo huo ulifika mechi 49 kabla ya kukatishwa na Manchester United mwezi Oktoba 2004. Katika kikosi hicho walikuwamo Nwankwo Kanu wa Nigeria, Lauren wa Kameruni na Kolo Touré wa Kodivaa, jambo linalosaidia kueleza mizizi ya mapenzi ya Waafrika wengi kwa klabu hiyo.

Kipindi cha pili, kuanzia mwaka 2005 hadi 2013, ni cha ujenzi na uhaba. Mwezi Mei 2006 Arsenal ilifungwa na Barcelona mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa iliyochezwa Paris. Mwaka huohuo ilihama Highbury, uwanja wa watu wapatao 38,000, na kuingia uwanja mpya wa watu wapatao 60,000. Deni la ujenzi liliibana klabu wakati wapinzani walikuwa wakipata wamiliki wenye fedha nyingi: Roman Abramovich aliinunua Chelsea mwaka 2003, na wawekezaji wa Abu Dhabi wakaichukua Manchester City mwaka 2008. Arsenal ikauza nyota wake mmoja baada ya mwingine. Thierry Henry aliondoka mwaka 2007, Cesc Fàbregas na Samir Nasri mwaka 2011, na Robin van Persie mwaka 2012. Huyu wa mwisho alikwenda Manchester United na kutwaa nayo ubingwa katika msimu wake wa kwanza. Hata hivyo, katika kila msimu kuanzia 1996/97 hadi 2015/16 Arsenal ya Wenger ilimaliza ndani ya nne bora.

Kipindi cha tatu, kuanzia mwaka 2013 hadi 2018, ndicho kigumu zaidi kukitetea. Fedha zilianza kupatikana tena, kama usajili wa Mesut Özil ulivyoonyesha. Kombe la FA lilitwaliwa mwaka 2014, 2015 na 2017, likafikia idadi ya 7, ambayo hakuna kocha mwingine aliyeifikia. Lakini ubingwa wa ligi haukurudi. Ushahidi mzito zaidi dhidi ya Wenger ni msimu wa 2015/16, ambapo Leicester City, klabu yenye uwezo mdogo sana kuliko Arsenal, ilitwaa ubingwa na Arsenal ikawa ya pili. Hoja ya uhaba, iliyokuwa na nguvu mwaka 2009, haikuweza kutumika kwa uzito uleule mwaka 2016. Msimu uliofuata timu ilimaliza ya tano, kisha ya sita.

Mgawanyo huu unaonyesha udhaifu wa pande zote mbili. Mtetezi hukitumia kipindi cha kwanza kufunika cha tatu. Mpinzani hukitumia cha tatu kufuta cha kwanza, tena hukisoma cha pili kana kwamba uwanja mpya ulijengwa bila gharama. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Wenger katika kipindi cha pili ni kupimwa kwa mali aliyokuwa nayo, kama ambavyo haki ya mpinzani katika kipindi cha tatu ni kutoambiwa kwamba mali ilikuwa bado haijapatikana.

Kipimo cha mganda

Wakazi wa Umatengo na mwambao wa Nyasa walikuwa na desturi ya kuhukumu viongozi wa timu kabla kandanda haijawatawala. Mganda ni ngoma ya mashindano inayochezwa na wanaume, na ina undugu na beni, ngoma iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi za wakoloni. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, aliuweka mganda ndani ya familia hiyo pana ya ngoma zilizosambaa Afrika Mashariki na Kati. Wachezaji hujipanga kwa mistari, huvaa nadhifu, hupiga hatua kwa pamoja wakifuata mdundo wa ngoma na sauti za vibuyu. Kikundi huwa na uongozi wenye vyeo, na vijiji hualikana na kushindana baada ya mavuno, wakati wa kiangazi.

Umbo la ngoma hii lina fundisho kuhusu sifa. Katika mganda kiongozi hapimwi kwa ufundi wa miguu yake pekee. Anapimwa kwa mstari: kama umenyooka, kama hatua zinalingana, kama vijana wapya wameshika mwendo wa wakubwa. Mashindano ya siku moja yanaweza kupotea kwa sababu ya mgeni aliyejiandaa vizuri zaidi, na kiongozi asivunjiwe heshima. Mstari ukianza kupinda kiangazi baada ya kiangazi, kumbukumbu ya ushindi wa zamani haiunyooshi.

Kikitumiwa kwa Wenger, kipimo hiki kinatoa hukumu yenye pande mbili. Misimu 20 ndani ya nne bora ni mstari ulionyooka, na kumleta Fàbregas katika kikosi cha kwanza akiwa na miaka 16 ni kazi ya mlezi wa vijana. Kwa watu wa ziwani, wanaojua kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, ujenzi huo si jambo dogo. Lakini mabao 8 ya mwaka 2011 na 10 ya mwaka 2017 hayakuwa mashindano yaliyopotea kwa bahati mbaya. Yalikuwa dalili za mstari uliopinda mbele ya watazamaji.

Heshima na kung'atuka

Lugha ya Kiswahili ilikuwa tayari na neno la swali la pili. Mwaka 1985 Julius Nyerere, rais tangu mwaka 1962, aliachia urais kwa hiari, na neno kung'atuka, lenye asili ya Kizanaki, likaenea katika siasa za Tanzania. Katiba nayo iliwekewa ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano kwa urais. Maana yake kwa mjadala huu ni kwamba kuondoka hakukufanywa kuwa adhabu, wala kukumbukwa kwa heshima hakukufanywa kuwa kibali cha kubaki. Watanzania wanaendelea kubishana kuhusu sera za Nyerere, lakini hawalazimiki kuamua thamani ya maisha yake yote kila wanapomchagua rais.

Mashabiki wa Arsenal hawakuwa na ukomo wa namna hiyo, hivyo kila mkataba mpya uligeuka kesi ya maisha yote. Tarehe 18 Machi 2017, wakati Arsenal ikicheza na West Bromwich Albion, ndege mbili zilipita juu ya uwanja zikivuta mabango: moja likitaka Wenger asipewe mkataba, jingine likitaka aheshimiwe. Mabango hayo yalionekana kupingana, ingawa mtu mmoja angeweza kuyaunga mkono yote mawili bila kujipinga.

Mfano wa Yanga unaonyesha upande wa pili. Nasreddine Nabi, kocha kutoka Tunisia, aliifundisha klabu hiyo kuanzia mwaka 2021 hadi 2023, akatwaa mataji mawili ya ligi na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ambako USM Alger ilishinda kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Aliondoka sifa yake ikiwa kileleni. Utumishi wa miaka miwili hulinda jina, lakini hauwezi kuonyesha kama kocha angeujenga upya mstari baada ya nyota wake kuuzwa. Kocha aliyedumu hutoa ushahidi mwingi zaidi, wa kumtetea na wa kumlaumu.

Hitimisho

Yaliyofuata baada ya mwaka 2018 yameongeza ushahidi. Arsenal ilimaliza ya tano, kisha ya nane mara mbili mfululizo, na haikurudi Ligi ya Mabingwa hadi msimu wa 2023/24. Nafasi ya nne, iliyodhihakiwa wakati wa Wenger, ilithibitika kuwa ngumu kuipata. Mwaka 2023 klabu iliweka sanamu yake nje ya uwanja ambao ujenzi wake ulimnyima wachezaji.

Sanamu hiyo inajibu swali la kwanza: heshima alistahili, kwa sababu ya ushindi wa kipindi cha kwanza na ustahimilivu wa cha pili. Hailijibu swali la pili, na waliotaka aondoke mwaka 2016 hawakukosea kwa kuwa leo anaenziwa. Tofauti hiyo ina uzito nje ya kandanda pia. Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, kama kwingineko, vyama vya ushirika, kamati za shule na vikundi vya ngoma huongozwa na watu waliokaa muda mrefu, na wanachama wake mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kwamba kuomba mabadiliko ni kutukana kazi iliyofanyika. Ubishi wa kibanda umiza, ukisomwa kwa makini, unaonyesha kwamba mtu anaweza kushukuriwa kwa dhati katika kikao kilekile kinachomchagua mrithi wake.