Muwa, Sukari na Mtoro

Mwaka uliopita, nilipokuwa nikifundisha msamiati wa vyakula katika kidato cha pili, niliandika ubaoni vichwa vinne: nafaka, mboga, matunda na mizizi. Wanafunzi walivijaza upesi. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na muwa tuuweke wapi?" Nikautazama ubao, nikaona sina pa kuuweka. Muwa si tunda, si mzizi, wala si mboga. Muwa ni shina, na mashina ambayo mwanadamu huyala ni machache. Ndugu zetu Wagisu wa Mlima Elgon hula machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, nao huyaita malewa. Watoto wa sehemu nyingi hutafuna kota, yaani bua tamu la mtama. Lakini shina lililougeuza ulimwengu ni moja tu, nalo ni hilo alilolitaja msichana yule.

Kwa kuwa darasa langu lina watoto wa lugha nyingi, niliwaomba kila mmoja ataje jina la muwa katika lugha ya nyumbani kwao. Waganda walisema ekikajjo, na Wasoga wakalitaja neno hilohilo kwa tamko lao. Mtoto wa wazazi waliotoka Rwanda alisema igisheke. Mwingine, ambaye mama yake ni Mkikuyu, alisema kigwa. Ubao ulijaa majina yasiyofanana. Hapo nikawauliza jina la sukari. Ssukaali, isukari, sukari. Na kijana aliyewahi kuishi Kongo akaongeza sukali ya Kilingala. Darasa zima lilicheka, maana jawabu lilikuwa moja.

Walimu wenzangu, tofauti hiyo si jambo dogo. Mahali ambapo kila kabila lina jina lake, kitu hicho aghalabu kimekaa nao siku nyingi. Mahali ambapo wote wana jina moja, kitu hicho kimefika juzi, kikiwa na jina lake mkononi kama mgeni mwenye barua. Hata sarufi yetu yashuhudia. Neno muwa limepewa nafasi katika ngeli ya miti, pamoja na mgomba na mhogo: muwa huu, miwa hii. Sukari imebaki kando, haina umoja wala wingi, kama yalivyo maneno mengi tuliyoyapokea kutoka ng'ambo. Muwa na sukari havikuja kwa jahazi moja, ijapokuwa kimoja ni mtoto wa kingine.

Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba muwa mnene tunaoutafuna ulianza kulimwa katika kisiwa cha New Guinea, miaka elfu nyingi iliyopita. Watu wa huko waliumenya, wakautafuna, wakatema makapi, kama tufanyavyo sisi. Muwa ulisafiri hadi Bara Hindi, na huko ndiko watu walikojifunza kuuchemsha maji yake mpaka yakagandamana yakawa chembechembe. Chembechembe hizo wakaziita sharkara, neno la Kisanskriti ambalo maana yake ya asili ni changarawe. Waajemi wakalifanya shakar, Waarabu sukkar, nasi tukalipokea kwao. Wareno walilichukua neno la Waarabu pamoja na kiambishi chake cha mwanzo, wakasema açúcar. Hivyo kila tunapotia sukari katika chai tunatia, kwa jina, changarawe. Bara Hindi limetuachia neno jingine pia, sukari guru, yaani ile sukari ya kahawia isiyosafishwa. Wanafunzi wangu hudhani kwamba guru huyo ni yule mwalimu wa dini wa Kihindi. La, ni neno gur, jina la sukari hiyo yenyewe.

Muwa ulifika lini katika pwani yetu? Hakuna aliyeandika siku hiyo. Lakini tunajua kwamba mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa, mfalme wa mji huo aliwapelekea wageni kondoo, machungwa, ndimu na miwa mingi, pamoja na pete iwe dhamana ya usalama wao. Habari hizo ziliandikwa na mmoja wa Wareno waliokuwamo safarini. Nimezisoma mara nyingi, na kila mara hukwama kwenye neno miwa. Mfalme wa Mombasa hakupeleka sukari. Alipeleka shina lenyewe, kitu cha kumenywa kwa kisu na kutafunwa na mabaharia ambao fizi zao zilikuwa zikioza kwa ugonjwa wa bahari. Ilikuwa zawadi ya jirani kwa jirani, kama vile hata leo mgeni akitembelea kijiji huweza kukatiwa muwa shambani.

Wale waliopokea zawadi hiyo, hata hivyo, waliufahamu muwa kwa namna nyingine. Katika kisiwa cha Madeira nchi yao ilikuwa imekwisha kuwatia watumwa katika mashamba ya miwa tangu karne hiyo ya 15. Mwaka 1493, miaka mitano kabla ya Mombasa, Christopher Columbus alikuwa amevusha mbegu za miwa hadi visiwa vya Karibi.

Yafaa hapa tueleze kwa nini sukari iliandamana na utumwa, maana wanafunzi huuliza, na jibu la kwamba watu walikuwa wabaya halitoshi. Sababu imo ndani ya shina. Muwa ukiisha kukatwa, utamu wake huanza kuharibika; usipokamuliwa mapema, siku chache tu, hasara inaingia. Kwa hiyo mwenye kutaka sukari nyingi hana budi kuwa na wakataji, wachukuzi, wakamuaji na wachochea moto, wote kwa wakati mmoja, mchana na usiku, katika msimu mzima. Mtu huru mwenye shamba lake la kulima hakubali kazi hiyo kwa urahisi. Mtu atafunaye muwa wake hahitaji mtumwa; mwenye kuuza sukari ng'ambo ya bahari alimtafuta kwa fedha na kwa bunduki. Katika karne nne Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa katika merikebu za Atlantiki, na wengi katika waliofika walipelekwa katika nchi za miwa. Upande wetu wa bahari haukusalimika. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Soko lake lilikuwa visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi, yaani Morisi na Réunion ya leo, ambavyo katika karne iliyofuata viligeuka kuwa mashamba ya miwa kutoka pwani hadi pwani.

Pwani yenyewe ya Waswahili ilipata mashamba ya namna hiyo katika karne ya 19, na mashuhuri zaidi yalikuwa kando ya mto Pangani. Miwa ilikamuliwa hapo, maji yake yakachemshwa kuwa asali ya miwa na sukari ya kahawia, na bidhaa hizo zikapakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Kazi ilifanywa na watumwa. Abushiri bin Salim, ambaye vitabu vyetu vya shule humsifu kwa haki kwa kuwapinga Wajerumani mwaka 1888 hata akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, naye alikuwa mwenye shamba la miwa. Mambo hayo mawili ni ya mtu mmoja, na sioni faida ya kumsimulia mwanafunzi moja na kumficha la pili.

Hapo ndipo neno la tatu linapoingia. Mtumwa aliyekimbia shamba aliitwa mtoro. Pwani nzima, kutoka Pangani hadi kaskazini mwa Malindi, watoro walikimbilia misituni na bara, wakajijengea vijiji. Walioponyoka mashamba ya nafaka ya Malindi na Mambrui walipata hifadhi Witu, na wengine Fuladoyo, nyuma ya nyika ya Wagiriama. Vijiji hivyo vilikuwa na maboma, mashamba na wazee wake. Kwa bwana, mtoro alikuwa mali iliyopotea. Machoni pake mwenyewe alikuwa mtu aliyejipata. Leo neno hilo linaishi wapi? Linaishi katika rejista zetu za mahudhurio. Tunaliandika kila juma mbele ya majina ya watoto, bila kukumbuka kwamba aliyelitumia kwanza alikuwa na mjeledi.

Sasa nirudi huku kwetu Uganda, maana Kiswahili changu mwenyewe kina deni kwa muwa. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Wakataji wengi wa miwa walitoka mbali: West Nile, Rwanda, Burundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja, wakakutana katika Kiswahili. Baba yangu alikuja Busoga kutoka West Nile akiwa kijana, naye alijifunza Kiswahili kambini kutoka kwa wakataji wenzake, kabla hajajifunza kusoma. Mimi nilikisikia kwake. Kilikuwa Kiswahili kisichojali ngeli, nacho kilinitia aibu nilipoingia chuo cha ualimu. Sasa sioni aibu tena.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Mashamba na viwanda vikaporomoka. Nchi iliyokuwa ikitengeneza sukari zaidi ya tani laki moja kwa mwaka ilifika mahali pa kukosa hata ya chai. Ajabu ni kwamba maneno ya taabu hiyo yalikuwa ya Kiswahili, katika nchi ambayo wengi walidai hawakijui. Biashara ya kificho iliitwa magendo, na neno hilo likaenea hadi vijijini. Waliotajirika kwa maduka yaliyoachwa waliitwa mafuta mingi. (Mwalimu wa sarufi angesema mafuta mengi, lakini matajiri wale hawakungoja kusahihishwa.) Marehemu mama yangu alinisimulia kwamba katika miaka hiyo alifunga kijiko cha sukari ndani ya kitambaa kwa ajili ya wageni tu, na kwamba baba, aliyekata miwa ujana wake wote, alirudia kuutafuna muwa pamoja na chai kavu. Aliuma kipande, akanywa funda la chai, akauma tena. Sukari iliondoka nchini, muwa ukabaki.

Viwanda vilifufuliwa baada ya 1986, na vingine vingi vimejengwa Busoga tangu hapo. Msomaji atakumbuka ghasia za Kampala za Aprili 2007, watu walipoandamana kuzuia takriban hekta 7,000 za msitu wa Mabira zisigeuzwe shamba la miwa. Watu walikufa siku ile, na mpango ukaachwa. Mabadiliko ya Busoga yenyewe yamekuja kwa kimya zaidi. Wakulima wadogo, mmoja baada ya mwingine, wameng'oa viazi na mahindi wakapanda miwa, kwa kuwa kiwanda hununua. Nyumba nyingi ninazozifahamu zimezungukwa na miwa hadi mlangoni, nazo hununua unga dukani. Muwa huo haukupandwa utafunwe. Mwenye shamba atamfukuza mtoto atakayevunja hata pingili moja.

Na watoto wanaukata. Malori yanapopakia, wavulana wa darasani kwangu hutoweka siku mbili, tatu, wakarudi na mikato ya majani mikononi na usingizi machoni. Mtoro wa zamani alilikimbia shamba la miwa. Huyu wa leo analikimbilia. Mmoja wao, kijana mpole anayependa methali, aliniambia waziwazi kwamba asipokata miwa hawezi kulipa ada, na asipolipa ada hataruhusiwa kuingia darasani ambamo ninamwita mtoro. Nilikosa la kumjibu. Ada yangu mimi pia, mpaka kidato cha nne, ilitokana na panga la baba.

Tangu siku hiyo siandiki neno mtoro mbele ya jina lake. Huandika "hayupo", na pembeni herufi M, kwa ajili ya miwa. Mkuu wa shule amekwisha kuniuliza mara mbili herufi hiyo ni kifupisho cha neno gani.