Reli ya TAZARA na Dhana Juu ya Wachina

Reli ya TAZARA, iliyoitwa pia Reli ya Uhuru, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilizushiwa maneno mengi kabla taruma lake la kwanza halijalazwa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia, nchi isiyo na pwani, ilihitaji njia ya kupitishia shaba yake bila kuwategemea. Benki ya Dunia ilikuwa imeona mradi huo haulipi. China ilikubali kuugharamia, na mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, pamoja na mkopo usio na riba wa kulipwa kwa miaka 30.

Baadhi ya magazeti ya Magharibi yalitabiri reli dhaifu, na kwamba mafundi wa Kichina wangekuja kueneza mapinduzi. Zilienea pia tetesi kwamba vibarua wa Kichina walikuwa wafungwa. Ukweli ni kwamba walikuwa wahandisi, mafundi, madaktari, wapishi na wakalimani walioajiriwa na serikali yao, wengi wao wakiacha familia nyumbani.

Tetesi hizo zilikuwa na pa kuanzia. Wachina walikaa kambini, wanaume karibu wote, wakivaa nguo za aina moja, wakilima mboga zao wenyewe na kutoka kwa makundi. Kanuni za viongozi wao ziliwabana wasichangamane na wenyeji baada ya kazi. Jirani asiyewajua aliona nidhamu hiyo akadhani ni kifungo.

Kazini hali ilikuwa nyingine. Kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima na matope vilidai mahandaki na madaraja mengi, Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi bega kwa bega. Wakalimani hawakutosha, hivyo fundi alifundisha kwa kutenda huku mwanafunzi akitazama na kurudia. Vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji wa reli. Zaidi ya Wachina 60 walifariki wakiwa kazini, na wengi wao walizikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Tetesi za wafungwa zilifufuka makampuni ya Kichina yalipoanza kupata zabuni za barabara na majengo barani Afrika, na watafiti waliozifuatilia hawakupata ushahidi wake. Kufikia wakati huo Wachina waliokuja walikuwa wa namna nyingi: wakandarasi wa makampuni ya serikali, wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuja kwa mitaji yao, walimu na madaktari. Fundi aliyetumwa na serikali mwaka 1972 na mwenye duka aliyejileta mwenyewe miaka 30 baadaye wana historia mbili tofauti, na dhana moja haiwezi kuwaeleza wote.