Kutoka Bwawani hadi Transfoma ya Mtaa
Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya Mtera, Dar es Salaam iliishi kwa mgawo wa umeme. Tangu hapo taifa limezoea kuuliza swali moja: tunazalisha megawati ngapi? Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024 na kulijibu kwa sehemu kubwa.

Lakini bajaji ya umeme itachajiwa Mbagala au Tandale, jioni, saa ile ile majirani wanapowasha taa, feni na majiko, wote wakitegemea transfoma moja. Ikizidiwa, dereva aliyekopa chombo ndiye atakayeamka na deni bila chaji. Mipango ya magari ya umeme ianzie kwenye transfoma hiyo.