Mabaki ya Kodrai

Kwetu kiraka hakina heshima. Barabara ya viraka ni barabara ambayo pesa zake ziliishia mfukoni mwa mtu, na mtoto mwenye kiraka kwenye kaptula anajua vile atachekwa shuleni. Ndiyo maana hadithi ya Gee's Bend huwashangaza watu. Huko viraka vimetundikwa ukutani kwenye makumbusho, na watu wanalipa kuviona.

Gee's Bend ni kijiji cha Alabama, kusini mwa Marekani. Mto umekizunguka pande tatu. Joseph Gee alifungua shamba la pamba hapo mwaka 1816, na mwaka 1845 likaingia mikononi mwa Mark Pettway, aliyeleta watumwa wapatao mia moja kutoka North Carolina. Walitembea kwa miguu njia nzima. Hadi leo wenyeji wengi wanaitwa Pettway, jina walilobandikwa mababu zao pamoja na kazi.

Utumwa ulipokwisha walibaki palepale, wakilima pamba kwa deni. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akatuma watu wakusanye deni. Walibeba kila kitu: ng'ombe, majembe, mahindi, hata chakula cha akiba. Baridi ilipofika kijiji kilikuwa kimebaki na nyumba za magogo zinazopitisha upepo, na wanawake wenye sindano.

Mfarishi, lile blanketi zito la tabaka mbili lenye pamba katikati, ulishonwa hapo ili watoto wasigande. Hakuna aliyenunua kitambaa. Kilichotumika ni suruali za shamba zilizokwisha magotini, mikia ya magauni, magunia ya mbolea na ya unga. Ukitazama kwa makini utaona mahali mfuko ulipokuwa: umbo lake limebaki bluu iliyokolea, ilhali pembeni jua na sabuni vimekula rangi. Mshonaji hakuficha hiyo tofauti. Aliipanga.

Mtindo wao maarufu kabisa ni ule wa paa la nyumba. Unaanza na kipande kimoja cha mraba katikati, unakiunga kitambaa kirefu upande mmoja, kisha wa pili, unazunguka hivyo hivyo hadi mraba unapokua. Kipande kikiwa kifupi unaongezea kingine, hata kama rangi haielewani. Ndiyo maana mistari yao inapinda. (Wapwani wana hadithi yao ya miraba: inasimuliwa kwamba leso ilianza pale wanawake walipounga vitambaa sita vya mkono, safu mbili za vitatu vitatu.)

Mfarishi ninaourudia kila mara ni wa Missouri Pettway, wa mwaka 1942. Mumewe alikuwa amefariki. Alichukua nguo zake za kazi, akamwita binti yake Arlonzia wamsaidie kuzirarua, akazishona ziwe kitu cha kujifunika. Alitaka kumkumbuka, na alitaka joto lake. Mimi sioni haja ya mhakiki wa sanaa kutufafanulia hapo.

Siasa nayo ilikuja. Mwaka 1962, watu weusi walipokuwa wakivuka mto kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, feri ilikomeshwa. Fikiria Likoni bila feri, halafu uambiwe uzunguke kwa barabara kama kilomita 60. Martin Luther King alihubiri kijijini mwaka 1965. Waliojiandikisha walifukuzwa mashambani, na mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo wakaanzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi New York.

Wateja wa mjini, hata hivyo, walitaka mishono iliyonyooka na bidhaa zinazofanana. Mwaka 1972 kampuni ya Sears ikaagiza foronya za mito za kodrai, zote sawasawa, na kazi ikawa ya kiwanda. Lakini mabaki ya ile kodrai, ya dhahabu, kijani, kahawia na nyekundu, yalibebwa nyumbani. Usiku, bila bosi wala kipimo, yakageuka mifarishi ambayo leo ni kati ya ile inayosifiwa zaidi. Foronya zenyewe nani anazikumbuka?

Mkusanyaji wa sanaa William Arnett aliona kitabuni picha ya mfarishi wa Annie Mae Young umetupwa juu ya rundo la kuni. Akautafuta mpaka akaupata, akanunua mamia mengine. Maonyesho yalifunguliwa Houston mwaka 2002, yakaenda New York, na wahakiki wakaanza kuwataja Matisse na Klee. Mwaka 2006 ikatolewa stempu ya posta. Kijijini kulikuwa na watu waliozoea kuchoma mifarishi mizee ili moshi ufukuze mbu.

Pesa zilifuata, na ugomvi ukafuata pesa. Mwaka 2007 Annie Mae Young na Loretta Pettway walienda mahakamani, kila mmoja na kesi yake, wakidai hawakupata haki yao kutokana na kazi ya mikono yao. Arnett alikana. Kesi ziliisha mwaka 2008.

Feri ilirudi mwaka uleule wa stempu, 2006, baada ya miaka 44. Baadhi ya waliokuwa wakiisubiri wavuke kwenda kupiga kura walikuwa wameshazikwa.