Upepo Makaburini: Sonata ya Fidla Iliyotungwa Katika Miaka ya Hofu

Kanisani tumezoea muziki wenye maneno. Kwaya inapoimba, tunajua inamsifu nani na inamlilia nani. Kwa hiyo huenda wengine wetu watashangaa kukuta humu habari za sonata, yaani utungo wa vyombo vitupu: fidla moja, piano moja, basi. Lakini ilikuwapo nchi ambayo mtu aliweza kupotea kwa sababu ya neno alilosema mbele ya jirani, na katika nchi hiyo wanamuziki waliombolezea wafu wao kwa nyuzi na upinde.

Nchi hiyo ni Urusi ya Kisovieti. Tarehe 5 Desemba 1931, serikali ya Stalin ililipua kwa baruti Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow. Hadi kufikia 1939, katika taifa lililokuwa na makumi ya maelfu ya makanisa ya Kiorthodoksi, yaliyobaki wazi yalikuwa mia chache tu. Katika miaka miwili, 1937 na 1938, watu wapatao 680,000 walipigwa risasi kwa hukumu za serikali yenyewe. Pale Butovo, nje kidogo ya Moscow, walizikwa zaidi ya 20,000, na miongoni mwao mapadre na maaskofu wengi. Jamaa zao hawakuelezwa walikozikwa. Sisi tunaokesha matanga, tunaotupa udongo kaburini kwa mikono yetu na kuandika jina msalabani, tusome sentensi hiyo polepole. Mfu asiye na kaburi humwachia mjane swali lisilokwisha.

Mtunzi Sergei Prokofiev aliishi nje ya Urusi tangu 1918. Mwaka 1936 alirudi kuishi Moscow pamoja na mkewe Lina, aliyezaliwa Hispania, na watoto wao wawili wa kiume. Alikuwa mtu wa imani kwa namna yake. Yeye na Lina walifuata mafundisho ya Mary Baker Eddy wa Marekani, yanayosema kwamba uovu na ugonjwa havina uhalisi mbele za Mungu. Wengi wetu hatuyakubali mafundisho hayo. Hata hivyo ni vigumu kutojiuliza mtu mwenye imani ya namna hiyo alilalaje usiku katika Moscow ya mwaka 1938, magari ya polisi yaliposimama mbele ya nyumba za watu.

Mwaka huohuo wa 1938 alianza sonata yake ya kwanza ya fidla. Haikwenda, akaiweka kando. Juni 1939 alikamatwa rafiki yake Vsevolod Meyerhold, mwongozaji mashuhuri wa tamthilia, ambaye wakati huo walikuwa wakitayarisha opera pamoja. Wiki chache baadaye mke wa Meyerhold aliuawa kwa kisu nyumbani mwao, na Februari 1940 Meyerhold mwenyewe akapigwa risasi. Katika mwaka huohuo wa 1939 Prokofiev alitunga wimbo wa kumsifu Stalin kwa kutimiza miaka sitini. Hili hatulifichi. Mkono ulioandika sifa za mfalme ndio ulioandika pia kilio, na anayetaka kumfanya Prokofiev shahidi wa imani atakwama hapo.

Sonata ilikamilika mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Prokofiev aliitoa kwa heshima ya David Oistrakh, mpiga fidla aliyeipiga mara ya kwanza mbele ya watu tarehe 23 Oktoba mwaka huo, Lev Oborin akiwa kwenye piano. Inaanza chini kabisa, piano ikitembea kwa noti nzito kama watu wanaobeba jeneza. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza piano inapiga sauti zinazofanana na kengele za mbali, na juu yake fidla, nyuzi zake zikiwa zimezuiwa zisivume, inapanda na kushuka haraka, kwa ubaridi. Prokofiev alimweleza Oistrakh kwamba pale lazima isikike kama upepo makaburini. Sehemu ya pili ina hasira, ya tatu ni laini. Ya nne inaanza kwa mbio, kisha ule upepo unarudi.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi habari za kuugua kusikopata maneno. Hatuthubutu kusema kwamba Prokofiev alikuwa akiomba. Ila tunasema kwamba kuugua kwa namna hiyo kunasikika humo.

Ajabu ni kwamba mwaka 1947 sonata hii ilipewa Tuzo ya Stalin. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1948, chama kilimlaani Prokofiev kwa jina, pamoja na watunzi wengine, na siku chache tu baada ya hapo Lina akakamatwa. Mumewe alikuwa amemwacha tangu 1941 na sasa alikuwa ameoa mwingine. Lina alihukumiwa miaka ishirini ya kambi.

Prokofiev alifariki tarehe 5 Machi 1953, siku ileile aliyokufa Stalin. Barabara za katikati ya Moscow zilijaa watu waliokwenda kumwaga kiongozi, na inasimuliwa kwamba maua hayakupatikana mjini, maana yote yalikwenda kwa Stalin. Waombolezaji wa mtunzi walikuwa wachache. Oistrakh alikuja na fidla yake, Samuil Feinberg akakaa kwenye piano, wakapiga sehemu mbili za sonata: ya tatu, na ile ya kwanza yenye upepo.

Lina hakuwapo. Alikuwa bado kambini kaskazini ya mbali, na hakuachiliwa hadi 1956. Alifariki London mwaka 1989.